Majani yametoboka, mavuno yamepungua kiasi gani? Mwongozo wa kupima hasara ya wadudu kwenye mahindi

Masika yakishakolea, ukipita mashamba ya Mwakirunge, Mtongwe au Shika Adabu hapa Mombasa utaiona mihindi ya kimo cha goti ikiwa na majani yaliyotoboka kama chekeche. Muulize mwenye shamba, atakwambia nusu imekwenda. Huenda ni kweli, na huenda kilichokwenda hakifiki gunia moja. Kwa macho peke yake hakuna ajuaye, maana jani lililoliwa si punje iliyopotea. Mhindi mchanga ukiliwa majani mawili matatu hutoa mengine ukaendelea. Ukikatwa moyo, yaani chipukizi la katikati, au hindi lenyewe likitobolewa, hapo haurudishi kitu.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili tangu ukurasa wa kwanza wa daftari. Kuna madhara, yaani yale unayoyaona: matundu, kinyesi, viwavi, mabua yaliyotobolewa. Na kuna hasara, yaani kilo ulizozikosa. Madhara huhesabiwa, hasara hupimwa kwa mizani.

Namna ya kupima hubadilisha jibu kuliko watu wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, uliowauliza wakulima wa Kenya katika vikundi, ulikadiria kwamba kiwavijeshi vamizi, mtoto wa nondo alaye mahindi, alikuwa akichukua kama theluthi ya mahindi ya nchi. Mwaka 2019 ulikuwa umechapishwa mwingine wa Zimbabwe, uliopima mimea na mavuno shambani, ukapata kama asilimia 12. Nchi na misimu ni tofauti, lakini sehemu ya tofauti hiyo ni kwamba mmoja uliuliza na mwingine ulipima. Anayeulizwa hulikumbuka jani baya kuliko yote.

Vifaa

Daftari na penseli (wino huchuruzika ukigusa majani yenye umande), kamba isiyonyumbuka, tepu ya kupimia, vitambaa vya rangi mbili, kisu kikali, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, uteo, mifuko ya karatasi, chupa ya kioo yenye kifuniko na chumvi. Mita ya unyevu ukiweza kuazima, azima.

Mjue unayemhesabu

Kiwavijeshi vamizi aliingia Afrika mwaka 2016, na Kenya akathibitishwa 2017. Kichwani ana mstari mweupe wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Hukaa moyoni mwa mhindi, pale majani machanga yanapojikunja kama faneli, na kinyesi chake ni kingi, kama vumbi la mbao lililoloa.

Bungua wa madoa (Chilo partellus), asili yake Asia, ndiye mwenyeji wa siku nyingi katika mashamba ya Pwani. Rangi yake ni ya maziwa, ana safu za madoa ya kahawia mgongoni. Hula majani kwa siku chache, akiacha vitundu vidogo vilivyojipanga mstari jani linapofunguka, kisha huzama ndani ya bua. Huyu ndiye anayedanganya watu: majani yanaonekana mazima wakati bua limekuwa bomba. Mwenzake wa rangi ya waridi asiye na madoa, Sesamia calamistis, hufanya kazi ileile.

Usimwandikie mdudu deni lisilo lake. Njano inayoanzia ncha ya jani la chini na kuingia ndani kwa umbo la V ni upungufu wa naitrojeni, na kwenye mchanga wa Likoni utaiona sana. Milia myembamba ya njano inayofuata urefu wa jani ni ugonjwa wa virusi. Wadudu huueneza, lakini hasara yake ihesabiwe peke yake kwa sababu mhindi ulioupata ukiwa mchanga hauzai kitu cha maana. Hindi lililong'olewa na maganda kuchanwa ni tumbili. Bua lililoanguka likiwa limetafunwa chini, na udongo umepakwa juu yake, ni mchwa.

Kuhesabu shambani

Anza wiki moja baada ya miche kutokeza na urudie kila wiki hadi mbelewele zitoke. Nenda asubuhi na mapema au alasiri jua likishapoa. Adhuhuri viwavi huwa wamezama ndani, utahesabu pungufu.

1. Kabla ya kuingia, chora umbo la shamba na uamue njia ya herufi W itakayogusa pande zote. Amua ukiwa nje. Ukishaingia, macho hukuvuta penye ubaya.

2. Ingia ndani hatua tano au sita. Mistari ya pembeni hupata nondo wengi zaidi kutoka vichakani na mashamba ya jirani, haiwakilishi shamba zima.

3. Katika W simama vituo vitano. Kila kituo hesabu mimea 20 iliyofuatana kwenye mstari mmoja, bila kuruka. Jumla ni mimea 100, kwa hiyo kila mhindi ni asilimia moja.

4. Kila mhindi, fungua moyo kwa vidole na uangalie majani mawili au matatu ya ndani. Andika moja kati ya haya: mzima, umeshambuliwa hivi karibuni, umeshambuliwa zamani, jani la moyo limekauka, shimo tupu.

5. Katika kila kituo chagua mihindi mitano iliyoshambuliwa, hesabu viwavi hai na ukadirie urefu wao. Kiwavi wa chini ya sentimita moja bado hajala sana, na dawa humpata. Aliyefika sentimita tatu amekwisha kula karibu chakula chake chote, na amejiziba kwa kinyesi ambacho dawa haipenyi.

Hatua ya nne ndipo wengi wanapokosea. Tundu la jani halizibi. Jani lililotobolewa wiki ya tatu litakuwa na tundu lilelile wiki ya saba, hata kama kiwavi ameliwa na ndege zamani. Ukihesabu kila mhindi wenye tundu, asilimia yako itapanda kila wiki na kamwe haitashuka, nawe utapiga dawa dhidi ya wadudu waliokwisha kufa. Tazama kinyesi: kilicholoa chenye rangi ya kijani iliyoiva ni cha leo au jana, kilichokauka kikawa kama majani ya chai ni cha zamani. Tazama pia jani jipya kabisa linalotoka moyoni. Likiwa safi, mhindi umeponyoka.

Jani la moyo lililokauka hulijui kwa macho tu. Livute taratibu: likichomoka kirahisi na mwisho wake umeoza au umetafunwa, bungua amekata kitovu cha mhindi. Mhindi huo hautoi hindi. Likigoma kutoka, tafuta sababu nyingine, mara nyingi ukame.

Mashimo matupu nayo yaandikwe kila mahali. Mombasa mbegu hufukuliwa na kunguru, huliwa na jongoo chini ya ardhi, na miche hukatwa usiku na viwavi wakatao shina. Mara nyingine mbegu ilikuwa mbovu tu. Fukua mashimo kumi uone: hakuna mbegu, mbegu imeliwa, imeoza, au mche umekatwa usawa wa ardhi. Kila jibu lina dawa yake.

Jambo moja la hesabu. Ukipata 20 kati ya mimea 100, ukweli wa shamba unaweza kuwa popote kati ya 12 na 28. Wiki hii 17 na wiki ijayo 22 si ongezeko la kutegemea. Ukitaka uhakika zaidi ongeza vituo, usiongeze mimea kwenye kituo kilekile, kwani kiwavijeshi hutaga mayai mafungu mafungu na mimea jirani hufanana.

Alama za majani

Asilimia ya mimea husema wangapi wameguswa, haisemi wameguswa vipi. Kwa kiwavijeshi hutumika kipimo cha Davis, 0 hadi 9. Huhitaji kukariri vyote kumi; shika nguzo hizi kisha namba za katikati zitajaa zenyewe:

0: hakuna alama.
1: vitundu vya ncha ya sindano tu.
3: vitundu, madoa ya mviringo na michubuko michache isiyozidi sentimita 1.3.
5: michubuko kadhaa mirefu kupita sentimita 2.5 kwenye majani ya moyoni.
7: michubuko mingi ya kila urefu pamoja na matundu makubwa.
9: majani ya moyoni yameliwa karibu yote.

Mtu mmoja atoe alama shamba zima. Mkiwa wawili, anzeni na mihindi kumi kila mmoja akiandika kimya, kisha linganisheni. Mkitofautiana kwa alama mbili au zaidi, rudieni mpaka mfanane. Toa alama kwa majani mapya peke yake, kwa sababu ileile ya matundu yasiyoziba.

Je, ni wakati wa kupiga dawa?

Vizingiti, yaani idadi ikifikiwa ndipo dawa hupigwa, vinavyotumika Afrika kwa kiwavijeshi ni hivi: tangu kuota hadi jani la sita, mimea 20 kwa 100 yenye shambulio jipya, jani la saba hadi mbelewele, 40 kwa 100. Vyote viwili vina nafasi, 10 hadi 30 na 30 hadi 50, kwa kuwa mahindi yaliyopata mvua na mbolea huvumilia kuliko yaliyodhoofu. Mbelewele na ndevu zikishatoka, kupiga dawa mara nyingi ni kupoteza: kiwavi yumo ndani ya maganda, na wanaokufa ni nyuki, siafu na nyigu.

Kabla ya kununua, fanya hesabu ya duka. Tuseme dawa pamoja na kibarua ni shilingi 3,000, na kilo ya mahindi soko la Kongowea ni shilingi 40. Ili urudishe pesa, dawa iokoe kilo 75. Lakini hakuna dawa inayookoa yote. Ukiipa uwezo wa asilimia 70, basi hasara uliyokuwa ukiitarajia lazima ifike kilo 107 ndipo ulipe bila kujuta. Ishike namba hiyo; tutairudia.

Kutoka madhara hadi kilo: mihindi pacha

Njia nzuri kuliko zote ni kulima vipande viwili, kimoja kikingwe kabisa na kingine kiachwe, kisha ulinganishe. Inahitaji nafasi na kurudia kipande kila aina mara nne. Kwa shamba la robo ekari Jomvu haiwezekani. Njia ya mihindi pacha hufanya kazi karibu sawa, na haigharimu zaidi ya vitambaa.

Mihindi inapokaribia kutoa mbelewele, tafuta pacha: mmoja ulioshambuliwa na mmoja mzima, kwenye mstari mmoja au mistari inayopakana, uliopandwa siku moja, mbegu ileile, na kila mmoja una majirani pande zote. Funga kitambaa chekundu kwenye ulioshambuliwa na cheupe kwenye mzima. Pata pacha 30. Andika aina ya shambulio: majani tu, au bua na hindi. Ukitaka kuzitenganisha aina hizo baadaye, pata angalau pacha 15 za kila moja.

Siku ya kuvuna, kila hindi liingie mfuko wake wenye namba. Kausha mifuko yote pamoja, siku zilezile, jua lilelile. Pukuchua, pepeta kwa uteo, pima. Kabla ya kupukuchua, lihukumu hindi: sehemu iliyoliwa ncha, sehemu iliyooza. Punje zilizooza ziweke kando uzipime peke yake. Kwenye hesabu hazina thamani; zilizoota ukungu si chakula.

Pacha zina mitego miwili, nayo huvuta pande tofauti. Kwanza, nondo huchagua mihindi iliyonawiri, kwa hiyo ulioshambuliwa huenda ulikuwa bora tangu mwanzo, na hasara itaonekana ndogo kuliko ilivyo. Pili, mhindi mzima uliokaa kando ya uliodhoofika hupata jua na mbolea ya jirani, unazaa zaidi ya kawaida yake, na hasara itaonekana kubwa. Ndiyo sababu pacha zisigusane: ruka mhindi mmoja au miwili katikati. Na mihindi iwe imelingana kwa kimo ulipoichagua. Fupi na ndefu si pacha.

Sasa hesabu. Chukua shamba la ekari moja lililopandwa sentimita 75 kwa 30. Kila mhindi una eneo la mita mraba 0.225, kwa hiyo ekari yenye mita mraba 4,047 ina mashimo kama 18,000. Umehesabu ukakuta 16,000 imesimama. Katika kila mia, 62 ni mizima, 30 imeliwa majani tu, 8 imetobolewa bua au hindi. Mizani inasema mhindi mzima umetoa wastani wa gramu 90, ulioliwa majani gramu 84, uliotobolewa gramu 52.

Kama wadudu wasingekuwepo: 100 × 90 = gramu 9,000.
Kilichopatikana: (62 × 90) + (30 × 84) + (8 × 52) = 5,580 + 2,520 + 416 = gramu 8,516.
Hasara: gramu 484 kwa kila mihindi 100, sawa na asilimia 5.4.
Ekari nzima: 484 × 160 = kama kilo 77.

Mihindi 38 kwa mia iliguswa, na hasara ni asilimia 5.4. Haifikii gunia moja la kilo 90, wala haifiki zile kilo 107. Dawa katika shamba hili ingemtia mkulima hasara juu ya hasara. Angalia pia ni nani aliyeumiza. Ile minane iliyotobolewa imepoteza gramu 304, na ile thelathini iliyotisha watu kwa majani imepoteza 180. Na mashimo 2,000 matupu, hata tukisema majirani wamefidia nusu, ni kilo 90. Mkulima huyu angepata zaidi kwa kulinda mbegu na kurudishia mapema kuliko kwa pampu ya dawa. Shamba jingine litatoa jibu kinyume kabisa. Ndiyo maana tunapima.

Kupasua mabua

Baada ya kuvuna, kabla mabua hayajapewa ng'ombe, kata 20 kutoka vituo vilevile. Pima urefu wa bua, hesabu matundu ya nje, lipasue kwa urefu na upime jumla ya njia alizochimba bungua. Gawanya njia kwa urefu wa bua, zidisha kwa 100. Bua la sentimita 160 lenye njia za sentimita 24 limechimbwa asilimia 15. Andika pia njia ziko wapi: zilizo chini ya hindi au kwenye kikonyo chake huumiza kuliko za juu.

Ukikuta kiwavi aliyenyauka na pembeni mwake rundo la vifuko vyeupe vidogo vilivyoshikamana kama punje za mchele, usiviponde. Nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes, aliyeletwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na kuachiliwa kusini mwa Pwani mwaka 1993, hutaga ndani ya bungua na kizazi chake hutokea hivyo. Hesabu bungua waliopatwa naye kando na walio hai. Mabua yaliyolala shambani na bungua hai ndani ndiyo mbegu ya wadudu wa vuli.

Mraba wa kuvuna na unyevu

Hesabu ya pacha inahitaji shahidi. Kata miraba mitatu ya mita 5 kwa 5, mahali palipochaguliwa kwa kupiga kura ya idadi ya hatua za kutembea, kamwe si kwa kutazama. Kamba iwe na mafundo kila mita 5, na uhakikishe ulalo wa mraba (kona hadi kona ya mkabala) ni mita 7.07, la sivyo umepinda na eneo limepungua. Mhindi ambao shina lake limekaa zaidi ya nusu ndani, hesabu. Uliobaki nje, acha.

Tuseme wastani wa mraba ni kilo 8.9 za punje zenye unyevu wa asilimia 18. Zilete kwenye asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubalika sokoni Kenya:

8.9 × (100 − 18) ÷ (100 − 13.5) = kilo 8.44.

Ekari ina miraba kama hiyo 162, kwa hiyo ni kilo 1,367, yaani magunia 15.2. Ule upande wa pacha ulitupa 8,516 × 160 = kilo 1,363. Zimekubaliana. Zikiachana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna uliposahau mashimo, au mraba ulipinda.

Huna mita ya unyevu? Chupa ya chumvi itakujibu ndiyo au hapana. Jaza theluthi ya chupa kavu kwa mahindi, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikishika kioo, unyevu umepita asilimia 15. Kwa hewa ya Mombasa chumvi ya koponi yenyewe huwa imeloa, kwa hiyo ikaange kwanza kwenye kikaango mpaka iwe inachuruzika, iache ipoe, ndipo uitumie. Usipofanya hivyo itakwambia kila gunia ni bichi.

Hasara ya ghalani

Mahindi yakishapandishwa uchagani au kutiwa magunia, adui anabadilika. Fukusi ana pua ndefu na mabaka mekundu mgongoni. Dumuzi, ambaye wengine humwita skania, ni wa mviringo kama risasi ndogo, na nyuma amekatika wima kama aliyekatwa kwa kisu. Kenya alionekana kwanza Taveta mwaka 1983. Fukusi huacha tundu. Dumuzi huacha unga.

Toa sampuli kwa bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia. Magunia yakiwa kumi au pungufu, choma yote; yakifika mia, choma kumi kwa kura. Choma juu, kati na chini, maana dumuzi hukaa mafungu. Changanya zote kwenye turubai, fanya kilima, kigawe robo nne, chukua robo mbili zinazotazamana, changanya tena, gawa tena, mpaka ubakie na kama nusu kilo. Chekecha, pima unga peke yake, hesabu wadudu hai.

Kisha hesabu punje 500 bila kuchagua. Tenga nzima na zilizotobolewa, hesabu kila fungu na ulipime. Mfano: nzima 410, gramu 143.5, zilizotobolewa 90, gramu 24.3.

Zidisha uzito wa nzima kwa idadi ya zilizotobolewa: 143.5 × 90 = 12,915.
Zidisha uzito wa zilizotobolewa kwa idadi ya nzima: 24.3 × 410 = 9,963.
Toa, upate 2,952.
Gawanya kwa uzito wa nzima mara punje zote: 143.5 × 500 = 71,750.
Zidisha kwa 100: hasara ni asilimia 4.1.

Njia ya mkato ni kugawanya asilimia ya punje zilizotobolewa kwa 8 (kwa mtama gawanya kwa 4). Hapa 18 ÷ 8 ni asilimia 2.3 tu, chini sana ya ile tuliyoipima. Mkato huo ni wa kukagua haraka na humfaa zaidi fukusi. Dumuzi anayegeuza punje unga utampunguzia makosa yake. Hata ile ndefu ina upofu: punje iliyokwisha kabisa haihesabiki, na mdudu aliye ndani ya punje isiyo na tundu huonekana kama punje nzima. Madhara yakiwa machache sana unaweza hata kupata namba chini ya sifuri, kwa kuwa fukusi hupenda punje kubwa. Hilo likitokea andika sifuri.

Na usichukue asilimia ya gunia la mwisho ukaipachika mavuno yote. Nyumba iliyoweka kilo 900, ikala 300 hasara ikiwa asilimia 1, 300 nyingine ikiwa asilimia 4, na 300 za mwisho ikiwa asilimia 12, imepoteza kilo 3, 12 na 36. Jumla ni 51, yaani asilimia 5.7, ingawa gunia la mwisho linatisha.

Rudia sampuli kila mwezi. Kwa joto la Mombasa fukusi humaliza kizazi kwa siku 35 hivi, ukikaa miezi mitatu bila kuchoma gunia utakuta wajukuu. Punje zenye ukungu, uwe wa kijani, wa njano au wa waridi, zitenge kila mara uzipime kama hasara kamili. Matundu ya wadudu ndiyo mlango wa kuvu watoao sumu ya aflatoksini, iliyoua watu 125 Ukambani na maeneo ya jirani mwaka 2004. Hazioshwi zikafaa, haziokolewi kwa kusagwa na nzuri, wala usiwatupie kuku.